Ribiti ya Kumi na Tisa

Mwaka ule walitufundisha kudaka moto.
Si kuuzima, si kuukimbia: kuudaka,
kwa ndoo ya bati yenye mpini mfupi,
nikisimama juu ya ubao wa upana wa nyayo mbili
na mto Wear chini yangu, mweusi, umetapakaa mafuta.

Tanurini alikaa mzee Laidler na koleo lake.
Hakuita Thirza, hakuita angalia. Alirusha tu.
Ribiti ilikuja inazunguka, nyekundu kama jicho la mlevi,
na usipoipokea ilikuwa na safari yake:
shingoni mwa mtu, au majini, ikisema tss.
Niliipokea. Tuliitia tunduni ingali hai.
Nyundo zikaja. Ikafa pale pale, ikashika.

Masikio yangu yalibaki kiwandani hata nilipolala.
Mama alinena nami kwa kijiko,
akigonga meza nisikie kwa viwiko:
mara moja, chai; mara mbili, king'ora, tushuke.
Sukari ilikuwa ya kadi. Vitunguu vilikuwa hadithi.
Mwezi wa tano nyumba ya kina Straughan iliondoka na ngazi zake,
ikaacha mlango umesimama peke yake,
umefungwa kwa ufunguo.

Jumatano na Jumapili nilipanda kilima
hadi hospitali ya wanajeshi, iliyokuwa shule ya wasichana.
Ubaoni palikuwa bado na hesabu ya kugawanya
ambayo hakuna nesi aliyekuwa na moyo wa kuifuta.
Kazi yangu, kuandikia barua wasio na mikono ya kuandikia.
Mama mpendwa, naendelea vizuri.
Wote waliendelea vizuri.
Yule wa kitanda cha sita
aliendelea vizuri hadi alfajiri ya Jumatatu.

Cuthbert Ord alikuwa baharia. Macho chini ya bandeji,
viganja ndani ya mifuko ya chachi na mafuta,
harufu ya iodini, na harufu nyingine nisiyoitaja.
Alisema kwa kelele, kama wote walioishi na injini,
kwa hiyo yeye nilimsikia.
Akauliza, unafanya kazi wapi? Nikamwambia.
Akanyamaza. Kisha akaitaja meli,
nami nikalijua jina kabla hajalimaliza:
nilikula mkate wangu tumboni mwake siku mia na kumi.

Juu ya kitanda changu, akasema,
palikuwa na ribiti thelathini na moja.
Usingizi ukigoma nilizihesabu kwa kidole.
Ya kumi na tisa ilikaa upande, kama jino bovu.
Nilimlaani aliyeipiga. Baadaye nikaizoea.
Baadaye sikuenda zamu kabla sijaigusa.

Nilitaka kuuliza: palipasuka wapi?
Neno lilifika kooni likageuka kikohozi.
Yeye, kipofu, akaliona.
"Upande wa pili," akasema. "Ukuta wenu ulishika.
Ulishika mno. Mlango ulijikunja ndani yake.
Wenzangu wanne walikuwa nyuma,
wakigonga."

Sikujua kama ni shukrani au ni mashtaka.
Nesi alipita na beseni. Mtu alicheka mwisho wa wadi.
Nikachovya kalamu, nikauliza, tuandike nini?
"Andika naendelea vizuri."
Nikaandika. Akaniomba nimsomee. Nikamsomea.
Akaniomba tena.

Asubuhi palikuwa na ukungu, na mkuku mpya umelazwa
pale pale ilipozaliwa ile.
Laidler akarusha, nikadaka.
Akarusha, nikadaka. Ndoo ililia
nami sikuisikia, niliihisi begani tu,
na nyundo, kila moja,
nilitamani zingoje kidogo.

Jioni mama aligonga meza mara moja.
Chai.
Niliinuka nikaenda kufungua mlango.